Mahari Niliyoivunja kwa Nyundo

Solange, mwanangu,

Kesho bandarini usinitafute. Utawaona wamama wa kwaya, utawaona majirani zetu wa Mangobo wamebeba vifurushi vyako, utamwona Trésor na kaka zake wakibishana na wenye boti juu ya mahali pa kuweka godoro. Mimi hutaniona. Siumwi, wala sina hasira na mtu. Jioni hii, ulipokuwa unakunja vitenge vyako na kuvipanga katika lile beseni la buluu, nilitaka kukuambia kwa mdomo. Ungekataa. Ungesema boti na iende zake, na mimi nisingekuwa na nguvu za kukushinda. Ndiyo maana utaisoma habari hii asubuhi, nikiwa nimekwisha vuka mto.

Mjomba wako Faustin ametuma neno. Atakuja bandarini kukutemea mate ya baraka kabla hujapanda, halafu atasafiri pamoja nanyi hadi kwake Yanonge, na ninyi mtaendelea mpaka Isangi kwa wakwe zako. Lakini ameweka sharti moja: nisiwepo. Neno lililetwa na yule jamaa wa mkaa, ambaye unamjua, hajui kulainisha kitu. Alisimama mlangoni na gunia begani.

"Mama Solange, noko Faustin anasema hivi: nitakuja ju ya mutoto. Lakini nikiona uso ya yaya yangu pale bichi ya boti, narudia palepale. Bon. Mi niko facteur tu, usinipige."

Nilicheka kidogo kwa ajili ya huo uposta wake. Kisha nikaingia ndani, nikakaa juu ya kitanda chako.

Mambo ya chumvi, ya mkaa, ya kuamka kabla ya mama mkwe, yote hayo umekwisha kuyasikia kwa wanawake wa kanisa mpaka masikio yamekuuma. Siyarudii. Nataka kukuambia kwa nini mdogo wangu wa tumbo moja, anayeniita yaya kwa kuwa mimi ni dada yake mkubwa, hawezi kusimama ninaposimama. Nusu unaijua. Ulikiona kiti kitupu siku ya mahari yako. Shimo hukuliona.

Baba yako alipofariki, wewe ulikuwa bado wa kubebwa mgongoni. Nilikuwa na miaka yangu ya sekondari na mwandiko mzuri, na hapakuwa na mtu katika mji huu aliyekuwa na haja navyo. Mashine niliinunua kwa mtu mmoja aliyetafuta dhahabu hadi akachoka, akataka kurudi kwao akiwa na nauli angalau. Fimbo ndefu, sahani mwishoni, vidude vya kuvaa masikioni, na ile sauti inayopanda kila unapokaribia chuma. Watoto wa mtaa wakaniita Mama Tiii. Uliwarushia mawe kwa ajili ya jina hilo. Baada ya muda wewe mwenyewe ukawa unaniita nalo nyumbani: "Mama Tiii, pondu imeiva, acha kusikiliza udongo, kuja tule."

Unakumbuka tulivyofanya kazi. Nilifunga kamba kutoka kijiti hadi kijiti, tukapita mstari kwa mstari, kutoka kushoto kwenda kulia, bila kuruka. Wewe ulibeba koleo dogo. Chochote chenye umbo la vita hatukukigusa. Tulichomeka tawi bichi kando yake, tukaenda kuita wanaohusika. Vyetu vya kuuza vilikuwa misumari, boriti, mabati, vipuri vya malori yaliyokufa kabla mimi sijazaliwa. Watu walisema kazi ya vyuma chakavu ni ya wanaume wenye vifua wazi, nami nilijivunia kwamba naifanya kwa kamba na penseli.

Lakini mashine ile, Solange, inajua swali moja tu: kuna chuma au hakuna. Haijui ni cha nani, wala kiliwekwa pale na mkono gani. Ukiishi na kitu kwa miaka mingi, kinakufundisha akili yake. Nami nikabaki na swali hilo moja.

Jambo la kengele nadhani hujalisahau. Baba yako alikuwa mwendesha toleka, akibeba abiria, na katika baiskeli yake alifunga kengele ya shaba aliyoisugua kila Jumapili kabla ya ibada. Tulipokwisha kumzika niliiuza baiskeli nzima kwa uzito, kwa sababu kuiona ukutani kuliniumiza, na uzito ulikuwa njia ya haraka ya kuiondoa. Ulipojua kuongea vizuri ukaniuliza, "Kengele ya papa iko wapi?" Wamama waliokwenda ibada naye ndio waliokuambia habari zake. Nikakujibu kwamba ni kitu kidogo tu. Hukuniuliza tena, na mimi nikadhani kunyamaza kwako ni kusahau. Pale ningepaswa kujifunza. Sikujifunza, nikaendelea na kamba zangu.

Sasa nakuja kwenye shimo.

Familia ya Trésor walipokuja kujitambulisha na tukawapokea, nilianza kuhesabu kichwani vitu utakavyoingia navyo. Msichana akiingia ukweni mikono mitupu, mawifi wana wimbo wa kumwimbia, na hauishi mwaka mmoja. Mji ulikuwa umekauka. Kila kiwanja nilichokijua kilikuwa kimepitiwa. Nikavuka mto, nikaenda Yanonge kwa mjomba wako, nikamwomba ruhusa ya kupita na mashine katika mahame ya babu yetu, kule nyuma kwenye michikichi, ambako hakuna aliyejenga tena tangu watu walipokimbia vita vya zamani.

Faustin alikuwa anatengeneza wavu. Hakuinua hata kichwa.

"Yaya, kule hakuna kitu. Ni nyoka na michikichi imezeeka. Lakini ukitaka kutembeza ile sahani yako, tembeza. Ukipata sufuria, ya kwangu iwe na mfuniko."

"Na nikipata dhahabu?"

"Ukipata dhahabu utapita njia ingine, mi nakujua."

Tulicheka wote wawili. Hayo ndiyo maneno ya mwisho tuliyocheka nayo pamoja bila kitu katikati.

Nilifunga kamba zangu. Asubuhi nzima mashine ilitoa kelele za mikebe na za majembe yaliyoliwa. Halafu, chini ya mchikichi mmoja uliolala ubavu, ikalia kwa sauti nene, ndefu, sauti ambayo unaijua, ile inayokufanya utupe jembe la mkono na kuchukua koleo. Nilichimba hadi mapajani. Vilikuwa vyuma virefu, karibu sawa na kimo changu, vimelazwa pamoja, kichwa kwa kichwa. Kila kimoja kilikuwa na mpini mwembamba na kichwa kipana kama jani, kimefuliwa kikawa chembamba sana. Kamba za mwitu zilizokuwa zimevifunga zilikwisha oza, lakini alama zake zilikuwa bado katika kutu. Chini yake palikuwa na weusi wa majani. Mtu alitandika majani kabla ya kuvilaza.

Nayaandika haya polepole, kwa maana kila kitu nilikiona. Niliona kwamba vimelazwa kama unavyomlaza mtoto. Nilikwangua kutu kwa tupa nikajaribu makali: hakuna. Mkuki usioweza kurushwa, kisu kisichokata. Mtu mwingine yeyote angekaa chini ajiulize. Mimi nilikwenda shule. Nikajiambia kwamba ni vipande vya mtambo wa kukamulia mawese wa wazungu, nikaridhika kabisa na jibu langu. Mtu asiyesoma angesema "sijui", na ule "sijui" ungemfikisha mlangoni kwa Faustin, umbali wa kuitana.

Havikuweza kukaa juu ya baiskeli ya toleka niliyoikodi vikiwa virefu vile. Palikuwa na jiwe bapa. Nikachukua nyundo.

Si rahisi kuvunja chuma kile, mwanangu. Kutu ilikuwa juu tu, ndani kilikuwa hai. Nilivipiga shingoni, pale mpini unapokutana na jani, vikapinda, nikavigeuza nikavipiga upande wa pili. Mpini wa nyundo ulipasuka nikaufunga kwa mpira. Vipande vidogo viliruka katika nyasi. Nilikuwa naimba, ule wimbo wa kwaya wa Pasaka, kwa sababu nilikuwa nakuona wewe ukiingia Isangi na sufuria zinazong'aa.

Unajua kwamba kila siku huwa naandika daftari langu, tarehe juu, mambo chini. Nimelifungua kuona nilichoandika siku ile. Nimeandika kwamba mvua ilitishia, haikunyesha. Nimeandika: chuma kirefu, chembamba, cha zamani, kizuri. Nimeandika habari ya mpini wa nyundo. Hakuna uongo hata mmoja pale, na bado ukurasa mzima haujui unachosema.

Nilivileta kwa Papa Balance, yule mnunuzi wa vyuma pale Makiso karibu na bandari, mwenye tumbo linalotangulia mizani yake. Alichungulia gunia.

"Mama Tiii, leo umeniletea biskuti?"

"Ni chuma ya zamani hiyo. Ona uzito kwanza, ndio ucheke."

"Zamani, leo, kesho, kwa balance yangu vyote viko ndugu na dada. Mwaga."

Nikamwaga. Na kwa kile alichonipa nikaenda sokoni siku hiyohiyo, nikanunua sufuria zako, na sahani, na beseni la buluu.

Ndiyo. Lile uliloweka vitenge vyako jioni hii. Subiri, usilitoe nje bado. Nitalirudia.

Mjomba wako alikuja mjini na samaki wa kukaushwa, siku moja kabla ya mahari yako. Ulikuwa uani unaponda ndizi za lituma na rafiki zako, hukusikia. Tulikuwa sebuleni mimi na yeye. Alikuwa mwenye furaha. Alikuwa anapanga atakayoyadai kwa watu wa Trésor, kama haki ya mjomba.

"Nitaomba panga, taa, na costume. Lakini costume bila koti, mi sikuja kufa na joto. Eh, yaya, na kule kwa babu? Sufuria yangu iko wapi?"

"Sufuria hapakuwa. Nilipata kitu kizuri zaidi," nikasema. Nikamweleza kwa fahari, kama ninavyoeleza siku zote, urefu kwa mkono, upana kwa kiganja. Nikamchorea jani lile kwa kidole juu ya meza. Akaacha kutafuna.

"Vilikuwa vimefungwa?"

"Ndiyo, kwa kamba ya mwitu. Ilikwisha oza."

"Vyote pamoja?"

"Pamoja, Faustin. Kwa nini?"

"Yaya. Viko wapi?"

"Kwa Papa Balance, wapi tena."

"Vizima?"

Nikacheka. Mungu anisamehe, nilicheka. "Vizima vingepanda toleka namna gani, we Faustin?"

Alivuta bakuli la maji akanawa mikono, na chakula bado kilikuwa nusu ya sahani. Akajifuta kidole kimoja kimoja. Akasema taratibu, kama mtu anayezungumza na mgeni asiyejua lugha:

"Ile ni liganda, yaya. Ile ni koko. Uliweka koko juu ya jiwe, ukamupiga nyundo."

Neno liganda nilikuwa nimelisikia utotoni, katika maneno ya wazee, kama unavyosikia habari za wafalme. Nilidhani ni kitu kidogo, kama pete, au ni kitu cha hadithi tu. Ni chuma cha kuolea. Kabla ya fedha na mbuzi na makreti ya bia, watu wetu wa mtoni walitoa vyuma hivyo kwa ajili ya mwanamke. Havikufuliwa vikate wala vilime. Vilifuliwa vitunzwe. Koko, yaani bibi yetu aliyemzaa baba yetu, aliolewa kwa vile vyuma. Kwa kawaida vingekaa kwa kaka zake. Lakini vita ilipokuja kaka zake walikufa wote, na koko akabaki peke yake duniani kuitunza mahari yake mwenyewe. Watu walipokimbia msituni, wengine walibeba mihogo na kuku. Yeye aliona kwanza avilaze vyuma vyake juu ya majani na kuvifukia. Alikufa kabla hajarudi kuonyesha mahali. Kila mtu aliamini kwamba askari walivichukua.

"Wazee walisema chuma kikiwa kizima, ndoa imesimama, hata wenye ndoa kama walishakufa," Faustin akaniambia. "Hakuna mutu atasema baba yetu alizaliwa barabarani. Sasa niambie, yaya, weye ulisoma. Kesho nitapokea mahari ya mutoto na mukono gani, na mahari ya koko imevunjwa na mama yake?"

"Faustin, sikujua. Ju ya nini hukuniambia?"

"Hukuuliza."

"Na wewe hukuwahi kusema!"

"Kitu kila mutu anajua, nani anasemaka?"

Hapo ndipo palipo na mpasuko, na si wa nyundo. Tulipokuwa wadogo mimi nilipelekwa mjini shuleni, kwa sababu nilikuwa mkubwa na nilishika masomo haraka. Yeye alibaki akikaa na wazee, akiwashika mkono kwenda mtoni. Kila mwaka nilirudi na daftari jipya, nikamwonyesha. Sikumwuliza hata mara moja yeye amejifunza nini. Nilidhani mmoja wetu ndiye aliyekuwa anasoma.

Alitoka bila kuaga. Alikupita uani ukiwa na mchi mkononi. Ulimwambia, "Noko, lituma karibu," naye akakushika bega akaendelea kwenda. Uliniuliza ana nini, nikakuambia tumbo. Siku iliyofuata wageni walikuja, vitu vikapokewa, mchungaji akaomba vizuri, na kiti cha mjomba kikabaki kitupu mbele ya watu wote wa Isangi. Nilimsikia baba yake Trésor akimnong'oneza mkewe, "Noko yake iko wapi?" Mkewe akajibu, "Nyamaza, utajua baadaye." Kwa hiyo elewa kwamba wanajua kuna jambo. Hawajui lipi.

Mchungaji anasema baraka ni ya Mungu peke yake na mate ni mate. Huenda. Mimi pia niliwahi kusema hivyo, nikiwa na kalamu mkononi. Lakini nimeona namna ulivyokuwa ukiangalia mlango siku ile, na tangu hapo sijaweza kulisema tena.

Nilirudi kwa Papa Balance. Nilikuwa na zile sufuria zako kichwani, nimrudishie thamani.

"Mama, ile ilishapanda barge. Sasa iko njiani kuwa nondo ya nyumba ya mutu."

"Hata kipande kimoja?"

"Mama Tiii, mi sikusanyi ukumbusho. Kama unataka kulia, lia, lakini lia kando kidogo, unazibia batu balance."

Nililia kando kidogo. Halafu nikazirudisha sufuria nyumbani, nikazificha chini ya kitanda.

Kisha nikarudi Yanonge; wewe ulidhani nimekwenda kununua samaki wa harusi. Mke wa Faustin alinipa maji ya kunywa. Faustin mwenyewe aliponiona alichukua kasia akashuka mtoni, ingawa mitego yake alikuwa ameitoa alfajiri. Nikaenda kwenye mahame na mashine. Shimo nililiacha wazi, aibu nyingine hiyo, lilikuwa limejaa maji. Nikafunga kamba zangu kuzunguka lile jiwe. Nikapiga magoti.

Vile vipande vilivyokuwa vikiruka nilipokuwa nikipiga na kuimba, unakumbuka? Sikuviokota siku ile, kwa sababu havikuwa na uzito wa kutosha kumsumbua mtu. Sasa nilivitafuta. Mashine iliita kwa sauti ndogo, kama kifaranga, nami nikafukua kwa kucha. Kingine kama punje ya mchele. Kingine kama ukucha wa mtoto. Nilipita mstari kwa mstari, kisha nikageuza kamba nikapita upande mwingine, mpaka ardhi ikanyamaza yote. Havikujaza hata kopo la maziwa. Kopo hilo nililiweka mlangoni kwa Faustin, nikaondoka. Sikuacha neno, maana ningesema nini?

Mke wake ndiye aliyenisimulia baadaye. Faustin alivimwaga juu ya ungo, akakaa navyo hadi giza likaingia, akivipanga na kuvipangua, kama mtu anayejaribu kukumbuka sura. Hakuviunganisha. Haviungani. Lakini hakuvitupa, na siku chache baadaye akamtuma mtu wa mkaa.

Ndipo tulipo. Hajanisamehe, Solange. Usiende naye kwenye boti ukimbembeleza kwa ajili yangu. Utamfanya achague, na safari ni ndefu. Anakuja kwa ajili yako, na hilo ni kubwa kuliko nilivyostahili kutumaini. Huenda pia asije. Kutoka Yanonge ni mbali, na mtu aliyeumia anaweza kubadili nia akiwa na kasia mkononi. Asipokuja, panda boti. Usimzuie mtu kwa ajili ya kiti kitupu cha pili.

Kwa wakwe zako utakuta vitu. Kinu kilichopasuka kinachokaa kona nzuri. Kasia lisilotumika limechomekwa juu ya mlango. Mkono wako una haraka kama wangu, nimeuona. Siku ya kwanza utataka kusafisha. Mwulize mama yake Trésor, "Hiki ni cha nani?" Uliza hata kama unadhani unajua, hasa ukidhani unajua. Atakuona mjinga kidogo. Kuonwa mjinga kidogo ni bei nafuu, laiti ningeilipa. Na mtoto wako akija kukuuliza kengele iko wapi, usimwambie ni kitu kidogo.

Beseni la buluu na sufuria, nenda navyo. Nilitaka kuvitupa mtoni, nikaona ningekuwa nampiga koko nyundo kwa mara ya pili. Vimekwisha kuwa hivyo vilivyo. Pika ndani yake. Siku noko Faustin atakapopita Isangi na samaki wake, kama atapita, mpe chakula katika sufuria kubwa, na umwambie imetoka wapi kabla hajaonja. Mwache aamue mwenyewe. Na uweke mfuniko.

Sasa nisikilize vizuri, hili ndilo la mwisho.

Nitakuwa ng'ambo, upande wa Lubunga, chini kidogo ya mahali mitumbwi inapovukia, pale ukingo ulipomomoka. Boti yenu ikishuka itapita karibu na upande ule kwa sababu ya maji. Utamwona mwanamke ameinama na fimbo yenye sahani, kama mtu aliye kazini. Usiniite, wala usinyooshe mkono. Kama Faustin yumo katika boti, asije akafikiri kwamba nimemwibia sharti lake. Nami sitapunga mkono, sitainua kichwa kwa muda mrefu kuliko mtu anayefuta jasho.

Lakini nataka kujua. Siwezi kukaa nyumbani nikingoja mtu wa mkaa.

Noko akitema mate ya baraka juu ya paji la uso, hayafutwi wala hayafunikwi. Yanaachwa yakauke kwa upepo. Hilo angalau najua, wazee walilisema nikiwepo. Basi kama amekuja na amekutemea, panda kichwa wazi, ukae upande wa Lubunga. Kama hakuja, jifunge kichwani kile kitambaa cheupe nilichokushonea, kwa maana jua la mtoni ni kali, nami nitakiona hata kwa mbali.

Nitaizima mashine. Nimesikiliza vya kutosha. Nitaangalia nywele zako tu.

Mama yako